Kazi ya Mama Nyumbani Ina Bei Gani?

Ndugu msomaji, ukimwuliza mwanamume wa hapa Magoma, "Mgosi, mkeo anafanya kazi gani?" mara nyingi atakujibu pale pale bila kufikiri: "Ah, hana kazi. Yupo tu nyumbani." Na wakati anakujibu hivyo, huyo asiye na kazi anapita nyuma yake, ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni, na jembe mkononi.

Mimi ni mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Nikisikia neno linasemwa kila siku, hupenda tulipeleke darasani tulipime. Neno "hana kazi" tulilipeleka. Darasa letu la jioni lina kina mama wengi kuliko kina baba, na somo la siku hiyo lilikuwa hesabu za kujumlisha na kuzidisha. Badala ya kujumlisha maembe na machungwa, nikawaambia wanakisomo tujumlishe siku ya mama.

Tulianza na maji. Mama mmoja alisema yeye huenda kisimani mara tatu kwa siku, na kila safari ni nusu saa pamoja na foleni. Hiyo ni saa moja na nusu. Kuni: mara mbili kwa wiki, kila mara saa tatu na zaidi. Tukigawa kwa siku saba tunapata karibu saa moja kwa siku. Kupika chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni: saa tatu na nusu. Hapo watu wa kando walitaka kubisha, lakini kina mama wakauliza ni nani kati yao aliyewahi kupika maharage makavu kwa kuni mbichi. Ubishi ukaisha. Shamba: saa tano. Kufagia, kuosha vyombo na kufua: saa mbili. Kumwogesha mtoto na kumlisha: saa moja.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwenye daftari lako. Moja na nusu, ongeza moja, ongeza tatu na nusu, ongeza tano, ongeza mbili, ongeza moja. Utapata saa 14.

Kisha tukaja kwa baba. Shamba saa tano, sawa na mama. Mifugo, kurekebisha paa, kwenda gulioni na mambo mengine ya namna hiyo: tukawapa saa mbili na nusu. Jumla saa saba na nusu. Mzee mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, umesahau bao." Nikamwuliza, bao ni kazi? Akajibu, "Pale kwenye bao ndipo tunapopata habari za bei ya mahindi. Ule ni mkutano." Darasa zima likacheka, na kina mama wakakubali kumwongezea nusu saa. Zikawa saa nane kamili.

Wala hesabu hii si mpya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema jambo hili hili bila kumung'unya maneno. Lilisema wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko watu wengine wote katika nchi, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Na wanaume wa vijijini je? Azimio lilisema nusu ya maisha yao wako likizo. Kina baba wengi wa darasani walikuwa wamesikia habari za Azimio tangu utotoni, lakini kipande hicho hakuna aliyekuwa anakikumbuka. Kina mama walikikumbuka wote.

Sasa tuigeuze kazi hiyo kuwa fedha

Saa zimepatikana. Lakini bei yake ni ngapi? Hapo ndipo penye maana, na nitaeleza polepole.

Tuseme kibarua wa shamba analipwa shilingi 5,000 kwa siku ya saa tano. Hii ni shilingi 1,000 kwa saa. Bei ya kwenu inaweza kuwa nyingine. Weka ya kwenu. Mama ana saa 14. Toa saa tano za shamba, maana hizo baba naye anazo. Zinabaki saa tisa za nyumbani. Saa 9 mara shilingi 1,000 ni shilingi 9,000 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 270,000. Kwa mwaka wa miezi 12 ni shilingi 3,240,000. Kwa miaka kumi ya ndoa ni shilingi 32,400,000.

Darasa lilinyamaza. Baba mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nitazitoa wapi?"

Hakuna anayekudai, bwana. Hakuna mke wa hapa atakayekuletea ankara asubuhi pamoja na uji. Lakini ni vizuri kujua kwamba fedha ambayo hukuitoa ni fedha iliyobaki mfukoni mwako. Mwangalie kapera anayefanya kibarua. Asubuhi ananunua chai na chapati kwa mama ntilie. Mchana ananunua ugali. Nguo anampa mtu amfulie kwa malipo. Maji ananunua kwa ndoo. Mwisho wa mwezi anatikisa mfuko, hamna kitu. Mwenzake mwenye mke, mwenye mshahara ule ule, ananunua bati moja mwezi huu na bati moja mwezi ujao. Baada ya miaka sita nyumba imesimama. Watu wakipita wanasema, "Fulani kajenga." Ni kweli kajenga. Lakini yale mabati yalitoka wapi? Mengine yametoka katika ile chai ambayo hakuinunua.

Watu wa bonde hili la Lwengera wangeelewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu babu zetu wengi waliletwa huku na mkonge. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, na mashamba yakaenea Tanga yote, pamoja na Korogwe na huku kwetu. Vibarua wa karibu hawakutosha. Wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali, na mwaka 1944 wakaanzisha chombo chao cha kuwatafuta, kilichoitwa SILABU. Watu walitoka nyanda za juu za kusini, walitoka Ruanda na Urundi, walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Kila mmoja akapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Wengi walikuja peke yao, wake wakabaki nyumbani.

Mshahara wa manamba ulikuwa mdogo sana. Uliwezaje kuwa mdogo hivyo na watu wakaendelea kuishi? Kwa sababu ulihesabiwa wa kumlisha mwanamume mmoja kambini. Mke aliyebaki kwao alilima, akalisha watoto, akatunza wazee wa mume, akamwuguza mume aliporudi na kifua. Kazi hiyo yote haikuandikwa katika kitabu cha shamba lolote la mkonge. Mwenye shamba aliipata bure. Ukiniuliza mimi, manamba alifanya kazi kwa namba moja lakini nyuma ya namba hiyo walikuwapo watu wawili.

Mahakama nayo ilifanya hesabu hii

Msidhani haya ni mazungumzo ya darasani tu. Yamekwisha kufika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ni mahakama ya juu kuliko zote katika nchi yetu.

Mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa, Sheria Na. 5. Kifungu cha 114 kinasema kwamba mume na mke wakiachana, mahakama inaweza kugawa mali waliyoichuma pamoja kwa juhudi zao. Katika kugawa, mahakama itazame kila mmoja alichangia nini, kwa fedha, kwa mali, au kwa kazi. Tia mstari chini ya neno hilo la mwisho: kazi.

Kwa miaka kadhaa mahakimu na majaji hawakukubaliana juu ya neno hilo. Wengine walisema kazi ni ile ya kuleta fedha, basi mke wa nyumbani hakuchangia. Wengine walisema kupika na kulea ni kazi pia. Mwanamke aliyeachwa Moshi aliweza kupata na wa Tanga akakosa, kwa kutegemea amekutana na jaji gani.

Ndipo ikaja kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Walikuwa mke na mume, ndoa yao ikavunjika, na mke akadai sehemu ya mali. Mahakama za chini zikamwambia yeye alikuwa mke tu, nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Akapanda ngazi mpaka Mahakama ya Rufani. Hukumu ilitolewa mwaka 1983. Majaji, akiwamo Jaji Mkuu Francis Nyalali, walisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali ya familia. Tangu siku hiyo mke wa nyumbani akawa ana sauti mbele ya sheria.

Lakini msomaji, usiikatishe habari hapa kama wengi wanavyoikatisha. Bi Hawa mwenyewe hakupata nyongeza yoyote siku ile. Mahakama iliona kwamba mume alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara ya familia, na fedha hizo zikapotea mikononi mwake. Kwa hiyo mlango aliufungua yeye, wakapita wenzake. Mimi kila nikiifundisha kesi hii naona kina baba wanatabasamu mwishoni na kina mama wanatabasamu katikati. Kila mmoja amepata chake.

Limbwata

Sasa kuna jambo linalowazuia wanaume wengi kushika ndoo, nalo ni limbwata. Kwa asiyejua, limbwata ni dawa ambayo eti mke humtilia mume katika chakula ili alegee. Sisi watu wa mkoa wa Tanga tuna sifa hiyo nchi nzima. Watu wa bara husema mapenzi yalizaliwa Tanga, na mtu akija huku leo kurudi kwao ni shida. Wengine wanatuogopa hata kuoa kwetu, na wengine wanakuja mbio.

Ubaya ni kwamba sifa hiyo imegeuka kuwa fimbo. Baba akionekana anaanika nepi za mtoto, jirani atasema, "Huyu tayari. Kalishwa." Akimpeleka mtoto kliniki peke yake, watu watauliza kama mama yake yu hai. Mimi humwogesha mtoto wetu mdogo kila jioni, na nimezoea kusikia kikohozi cha maana kutoka upande wa pili wa ua. Mtoto mwenyewe hajali kikohozi. Yeye anajali maji yasiwe ya moto, na sabuni isiingie machoni.

Baba anayemwogesha mtoto anajua mambo ambayo baba wa kwenye bao hayajui. Anajua kwamba mtoto ana joto kabla hajaanza kutetemeka. Katika bonde kama letu, lenye mbu wengi, hilo si jambo la mchezo. Homa ya malaria ikigunduliwa jioni, mtoto anafikishwa zahanati mapema. Ikigunduliwa siku ya tatu, pengine mnakwenda mnakimbia usiku.

Wengine watasema, "Mwalimu, lakini mila?" Mila naziheshimu. Ila mila zetu wenyewe zina mambo ambayo hatuyasimulii. Zamani Usambara, mtu mwenye wake wengi alimgawia kila mke mashamba yake ya chakula, na mali iliyotoka katika nyumba ya mke huyu haikuweza kuchukuliwa hivi hivi kupelekwa nyumba ya yule. Maana yake wazee walikubali kwamba nyumba ya mke ni mahali panapozaa mali. Hawakusema "yupo tu nyumbani".

Na mila hupindishwa na upendo. Katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi, imesimuliwa habari ya Mbegha. Alipokuwa mchanga alianza kuota meno ya juu. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kwa desturi ya wakati ule hakutakiwa aishi. Hakuuawa. Akakua, akawa mwindaji wa nguruwe, akakimbia kwao akaja kupanda milima hii, na huko Vugha akafanywa mtawala. Ukoo wake wa Wakilindi ukatawala Usambara miaka mingi. Kama wazazi wake wangefuata desturi neno kwa neno, habari hiyo nzima isingekuwapo.

Neno "nakupenda"

Wanakisomo waliniuliza pia, je, ni lazima kumwambia mke "nakupenda"? Vijana wanasema ni lazima, tena kwa simu kila baada ya nusu saa. Wazee wanaona aibu. Baba mmoja alisema, "Nimeishi naye miaka thelathini, sijamwambia. Kama nisingempenda, angekwisha jua." Mkewe, ambaye anakaa dawati la mbele, hakugeuka. Alisema tu, "Mwache aandike, mwalimu. Si amejifunza kuandika?"

Mimi naona huyo mama alisema jambo la maana sana. Mtu akishindwa kusema, aandike. Nyumbani kwangu tuna daftari moja la mistari, linaning'inia kwa uzi karibu na mlango wa jiko. Upande mmoja tunaandika fedha iliyoingia, upande wa pili iliyotoka. Anayepata fedha anaandika, anayetumia anaandika. Lilianza kama daftari la hesabu. Lakini mwenzangu akaanza kuongeza maneno yake pembeni. Siku moja chini ya "sukari kilo moja" aliandika: "Baba, chumvi imekwisha, mafuta yamekwisha, na wewe unazidi kwisha, hebu ule vizuri." Siku nyingine nilikuwa nimeandika "matumizi mengine, shilingi 2,000". Yeye akapiga mstari mwekundu akauliza, "Mengine ndiyo yapi? Yana jina?" Nikaandika chini yake: "Soda na walimu wenzangu." Akatia vema, kama mwalimu anayesahihisha.

Sasa daftari hilo lina miaka sita. Ukilisoma utaona bei zinavyopanda, utaona mwezi mtoto wa pili alipozaliwa, na utaona tulivyogombana na tulivyopatana. Kuna wiki moja nzima ambayo kila mmoja ameandika namba tu, bila neno. Siku ya nane limeandikwa neno moja kwa mwandiko wake: "Haya." Sijui kama wenye kutuma ujumbe kila nusu saa wanalo neno zuri kuliko hilo.

Daftari kama hilo lina faida nyingine ambayo si ya mahaba. Ni ushahidi. Likitokea la kutokea, mama anaweza kuonyesha kwamba fedha ya mabati ilitoka katika kuku wake. Na baba anaweza kuonyesha kwamba ada ililipwa na yeye.

Kabla hujatia dole gumba

Hapa nitaacha mzaha kidogo, maana kuna watu wanapoteza nyumba.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinahusu nyumba ya ndoa, yaani nyumba ambayo mume na mke wanaishi. Hata kama nyumba ni ya mmoja wao, mwenye nyumba hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila idhini ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Idhini ni ruhusa unayoitoa kwa hiari yako. Rehani ni kuweka mali yako mikononi mwa anayekukopesha, ukishindwa kulipa anaichukua. Maneno haya mawili yajifunzeni kama mlivyojifunza a, e, i, o, u.

Mambo huharibika hivi. Baba anapata shida ya fedha. Anakuja mtu na karatasi. Baba anamwambia mkewe, "Weka dole hapa, ni mambo ya kijiji." Mama anaweka. Baada ya miezi wanakuja watu kupima kiwanja. Au ni mama aliyechukua ile mikopo inayoitwa kausha damu, ambayo riba yake inakimbia kuliko pikipiki, akaweka nyumba bila baba kujua. Sheria inawalinda wote wawili, lakini dole gumba lililokwisha kuwekwa ni kazi ngumu kulitoa.

Wewe uliyehitimu kisomo huna sababu ya kuweka dole. Soma karatasi mara tatu. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, usisaini mpaka mtu asiye na faida katika jambo hilo akusomee kwa Kiswahili. Tafuta neno rehani, tafuta neno dhamana, tafuta kiasi cha riba na siku ya mwisho ya kulipa. Omba nakala. Anayekataa kukupa nakala, nawe mkatalie saini.

Juu ya shamba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu mume na mke kuomba hatimiliki ya kimila kwa majina yao wote wawili. Sheria ya Ndoa nayo, kifungu cha 60, inasema mali iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huhesabiwa kuwa ni yao kwa sehemu sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kukiwa na ugomvi wa mpaka au wa shamba kuna Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Ugomvi wa ndoa yenyewe huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla baraza hilo halijajaribu kuwapatanisha.

Mengine nitayapitia haraka. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mume wake au mke wake, hata kama mila inasemaje. Kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikukamilika, hivyo mkwe anayedai mbuzi wa mwisho anaweza kumdai mbuzi, lakini hawezi kuivunja ndoa. Na umri: sheria ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vivyo hivyo. Baba mwenye binti wa darasa la saba asianze kuhesabu mbuzi. Mirathi sikuigusa. Ni habari ndefu yenye sheria zake, tutaiandikia siku yake.

Swali la mwisho liliulizwa na yule mzee wa bao. Alisema, "Mwalimu, umesoma vifungu vyote vya kumlinda mama. Hakuna hata kimoja cha kumlinda baba?" Kipo. Kifungu cha 63 kinasema mume ana wajibu wa kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na mahali pa kulala kadiri ya uwezo wake. Lakini kinaendelea kusema kwamba mume akiwa hawezi kufanya kazi kwa sababu ya ugonjwa au kilema cha mwili au cha akili, mke mwenye uwezo ana wajibu wa kumtunza mumewe.

Mzee akaomba nimwandikie namba ya kifungu hicho ubaoni kwa herufi kubwa, akainakili katika daftari lake pole pole, kisha akamgeukia mkewe akaanza kukohoa.